Somo la Nyumbani: Kupanga Bajeti ya Kukarabati Choo na Bafu Lodwar na Kakuma

Mkazi anapopata pesa za kukarabati choo na bafu, mawazo yake mara nyingi hukimbilia rangi, vigae na mlango mpya. Hivyo ndivyo vinavyoonekana, na mgeni atavisifu. Lakini katika miji yetu ya Lodwar na Kakuma, ambako nyumba nyingi hutegemea choo cha shimo, kinachoamua kama choo kitadumu miaka mingi au kitaanguka mvua ijayo kiko chini ya sakafu: shimo, slabu na njia ya maji ya kuogea.

Kwa hivyo kanuni ya somo hili ni moja: anza kutumia pesa chini, kisha panda juu. Tutaipitia hatua kwa hatua kwa kutumia mfano wa familia ya watu 6 inayoishi Nakwamekwi, Lodwar, yenye choo cha zamani cha mabati na pembe ya kuogea kando yake. Familia hii ni ya mfano tu. Soma ukiwa na kalamu na daftari, na kila tunapoweka nambari zao, weka zako.

Kwa nini jambo hili ni zito

Choo kibovu ni hatari kwa namna mbili. Ya kwanza ni maradhi. Kipindupindu na magonjwa ya kuhara husambaa kinyesi kinapofikia maji, mikono au chakula. Nzi anayesambaza trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kumfanya mtu kuwa kipofu, hupenda kuzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Familia ikikimbia choo chake kwa sababu ya harufu au hofu ya kuanguka, inarudi vichakani, na nzi huyo anapata makao.

Hatari ya pili ni shimo lenyewe. Sehemu nyingi za Lodwar na Kakuma zina udongo wa mchanga usioshikana. Mbao za sakafu zikiliwa na mchwa, au ukuta wa shimo ukilowa, anayetumbukia kwanza huenda akawa mtoto aliyekwenda peke yake usiku.

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezipa serikali za kaunti jukumu la huduma za maji na usafi. Hata hivyo, choo cha nyumbani kinabaki mikononi mwa mwenye boma, na ndiyo sababu tunafundishana hesabu hii.

Hatua ya 1: Kagua kilichopo kabla ya kununua chochote

Nenda chooni mchana ukiwa na tochi, fimbo ndefu na futi ya fundi. Tazama mambo haya matano:

1. Shimo limejaa kiasi gani? Uchafu ukifika nusu mita kutoka juu, shimo hilo limekwisha kazi. Usitumie hata shilingi moja kukarabati nyumba iliyo juu yake. Panga kuchimba jipya.
2. Sakafu inalia au kubonyea unapoigonga kwa fimbo? Je, ina nyufa au mbao zilizooza?
3. Udongo unaozunguka shimo umeanza kuzama?
4. Maji ya kuogea yanakwenda wapi? Kama yanaingia katika shimo la choo, hilo ndilo tatizo la kwanza la kurekebisha.
5. Kisima kiko umbali gani? Shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au chanzo kingine cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Wanaoishi karibu na mto Turkwel, ambako maji huwa karibu, wasichimbe kabla ya kuzungumza na afisa wa afya ya umma.

Usimruhusu mtu yeyote kuingia katika shimo la zamani kulikagua wala kulichota kwa ndoo. Kuna hewa yenye sumu, na kuta zinaweza kumfunika.

Katika hatua hii pia, keti na watu wa nyumbani. Waulize wanawake na wasichana kama mlango unafungika kwa ndani na kama njia ya kwenda bafuni ni salama usiku. Muulize mzee kama anahitaji kishikio ukutani au kiti. Katika familia zetu nyingi, mkwe na mkaza mwana huona haya kutumia choo kimoja, na jambo hili halisemwi wazi. Lisipozungumzwa mapema, choo kizuri kitajengwa na wengine wataendelea kwenda vichakani. Huenda jibu likawa vyumba viwili vidogo vyenye milango inayotazama pande tofauti. Ni heri kujua hilo kabla ya kumwita fundi.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya shimo

Katika choo cha shimo kikavu, kadiria kwamba mtu mmoja hujaza takriban lita 60 kwa mwaka baada ya uchafu kuoza na kushikana. Familia yetu ya watu 6 itajaza lita 360 kwa mwaka.

Shimo la upana wa mita 1, urefu wa mita 1 na kina cha mita 3 lina nafasi ya lita 3,000. Ondoa nusu mita ya juu, ambayo haitumiki, zinabaki lita 2,500. Gawanya kwa 360, unapata karibu miaka 7.

Sasa ona kinachotokea maji ya kuogea yakielekezwa humo. Katika mchanga, maji hunywewa, lakini kila siku yanalegeza kuta za shimo. Shimo lililopaswa kudumu miaka 7 linaweza kubomoka likiwa bado nusu tupu. Vilevile, takataka kama chupa, nepi na nguo kuukuu zikitupwa humo, miaka hiyo inapungua, maana hazionekani katika hesabu ya lita 60.

Katika udongo wa mchanga, ukingo wa juu wa shimo ujengwe kwa mawe au matofali na saruji, angalau mita moja kwenda chini. Kama udongo haushikani kabisa, jenga ukuta wa shimo lote na uache matundu madogo sehemu ya chini ili maji yapenye. Gharama hii inauma, lakini ndiyo inayozuia shimo kumeza nyumba iliyo juu yake.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya maji

Wengi hutamani choo cha kuvuta maji kama cha hotelini. Kabla ya kuamua, hesabu mitungi.

Choo chenye tangi la kuvuta kinaweza kutumia lita 9 kila mara. Familia ya watu 6, kila mmoja akienda mara 4 kwa siku, huvuta mara 24. Hiyo ni lita 216, karibu mitungi 11 ya lita 20 kila siku. Choo cha kumwagia maji kwa kopo hutumia takriban lita 3. Mara 24 ni lita 72, karibu mitungi 4. Tofauti ni mitungi 7 kwa siku, au 210 kwa mwezi. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya mtungi mtaani kwako siku mfereji unapokauka, ndipo uamue.

Mvua peke yake haitoshi kuokoa hali. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Paa la mita 20 za mraba, ukiondoa kinachopotea, litakupa karibu lita 3,200 kwa mwaka mzima. Kwa choo cha kuvuta, maji hayo yataisha kwa siku 15. Kwa choo cha kopo, yatafika siku 44. Yavune, lakini usiyategemee peke yake.

Kumbuka pia kwamba choo cha maji huhitaji tangi la maji taka au shimo lililojengwa kwa ajili hiyo, na likijaa utalipa lori la kulinyonya. Iulize bei ya lori hilo mapema na uiandike katika bajeti. Kama maji yako si ya uhakika, choo cha shimo kilichojengwa vizuri, chenye bomba la hewa, ni chaguo la busara. Aina hii ilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Bomba linasimama nje ya ukuta na kupita juu ya paa kwa nusu mita, likiwa na wavu mdomoni. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Nzi waliomo ndani hufuata mwanga wa juu na kunaswa kwenye wavu. Ili mbinu hii ifanye kazi, ndani ya choo pawe na giza kiasi, na tundu la sakafuni lisizibwe kwa kifuniko cha kubana, maana hewa huingilia hapo.

Maji ya kuogea yapewe njia yake. Sakafu ya bafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Kutoka hapo bomba lipeleke maji kwenye shimo dogo lililojazwa mawe, angalau mita 3 kutoka shimo la choo na msingi wa nyumba. Unaweza pia kuyaelekeza kwenye shina la mwarobaini, mradi tu yasituame na kuwa makao ya mbu.

Hatua ya 4: Orodhesha vifaa kwa vipimo

Usimwambie fundi, "Niletee orodha," kisha ukalipa bila kuuliza. Vipimo vya kazi ndogo unaweza kuvijua mwenyewe.

Slabu ya mita 1.5 kwa mita 1.5, yenye unene wa sentimita 10, hufunika shimo la mita 1 kwa mita 1 na kulala sentimita 25 kila upande. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, itahitaji takriban:

- Saruji kilo 72. Nunua mifuko 2 ya kilo 50, na itakayobaki itumike sakafuni.
- Mchanga safi, wilbaro 2.
- Kokoto, wilbaro 4.
- Nondo 3 za milimita 8, zenye urefu wa mita 12, zikatwe vipande 20 na kufungwa kwa mraba.

Mchanga wa laga tunao, lakini upime. Jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, kisha iache itulie kwa saa chache. Tabaka la tope likionekana nene juu ya mchanga, uoshe au utafute mwingine. Tope hudhoofisha saruji.

Jua letu nalo lina lake. Slabu ikimwagwa saa sita mchana hukauka upesi na kupasuka. Kazi ianze alfajiri. Ikishashika, ifunikwe kwa magunia yaliyolowa na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Maji hayo nayo yaingie katika bajeti.

Vigae vije mwisho. Kwa bafu la mita 1.5 kwa mita 2, sakafu ni mita 3 za mraba. Kigae cha sentimita 30 kwa 30 hufunika mita 0.09 za mraba, kwa hivyo utahitaji 34. Ongeza asilimia 10 kwa vitakavyovunjika au kukatwa, upate 37 au 38. Chagua vyenye uso wa kukwaruza, maana vya kung'aa huteleza na kuwaangusha wazee. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inatosha kabisa kwa usafi.

Hatua ya 5: Andika bajeti

Bei zilizo hapa ni za mfano, za kukuonyesha namna ya kupanga. Zako zitoke katika maduka yasiyopungua matatu, siku chache kabla ya kununua.

- Ukingo wa shimo na slabu: shilingi 16,000
- Njia ya maji ya kuogea na shimo la mawe: shilingi 8,000
- Kuta, paa na mlango: shilingi 13,000
- Bomba la hewa, wavu na mahali pa kunawia mikono: shilingi 4,000
- Usafiri wa vifaa: shilingi 5,000
- Fundi na vibarua: shilingi 14,000
- Jumla: shilingi 60,000
- Akiba ya dharura, asilimia 15: shilingi 9,000
- Jumla kuu: shilingi 69,000

Sasa tuseme familia yetu ina shilingi 60,000 tu. Wengi hapa hufuta akiba ya dharura, au hupunguza mifuko ya saruji. Vyote viwili ni kosa. Akiba ndiyo itakayokuokoa ukikuta mwamba au bei imepanda, na slabu dhaifu ni hatari kwa maisha.

Familia ipunguze kutoka juu. Mabati ya zamani yaoshwe na kutumika tena, zinunuliwe nguzo na mlango tu. Kuta zishuke kutoka shilingi 13,000 hadi 4,000. Jumla inakuwa shilingi 51,000. Akiba ya asilimia 15 ni shilingi 7,650. Jumla kuu ni shilingi 58,650. Kazi inakamilika ndani ya pesa zilizopo, na kuta mpya zinaweza kusubiri mwaka ujao. Ukuta wa zamani juu ya slabu imara hubadilishwa wakati wowote. Slabu mbovu chini ya ukuta mpya hukulazimu kubomoa vyote viwili.

Hatua ya 6: Fundi, mkataba na malipo

Andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: kazi gani, vipimo gani, siku ngapi, nani analeta vifaa, na shahidi ni nani. Omba kuona choo alichojenga mwaka mmoja au miwili iliyopita, na umuulize mwenyewe kama kimepasuka.

Usilipe zote mwanzoni. Katika mfano wetu, shilingi 14,000 za ufundi zinaweza kugawanywa hivi: 4,000 kazi inapoanza, 5,000 slabu na njia ya maji zikikamilika, na 5,000 baada ya jaribio la mwisho. Jaribio ni rahisi: mwaga ndoo mbili bafuni na utazame kama maji yote yanatoka bila kutuama. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na uhifadhi risiti za dukani.

Hatua ya 7: Chagua msimu

Jenga wakati wa kiangazi, kabla ya mvua ya Machi hadi Mei. Mashimo hayatafurika, na barabara za laga zitapitika. Bidhaa nyingi za ujenzi hufika Lodwar kupitia Kitale, umbali wa takriban kilomita 300, kwa hivyo barabara ikikatika bei hupanda.

Kwa mfugaji, pesa hutoka zizini. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022 ulitufundisha kwamba mifugo waliokonda huuzwa kwa bei ya chini. Uza wakati mbuzi wamenenepa baada ya mvua, weka pesa hizo katika chama au benki, kisha ujenge msimu wa kiangazi unaofuata. Mabati, nondo na mabomba yanaweza kununuliwa kidogo kidogo na kutunzwa. Saruji usiiweke. Inunue wiki ya kazi, maana ikikaa miezi huganda mfukoni.

Neno kwa wakazi wa Kakuma na Kalobeyei

Hesabu ni zile zile, lakini mambo matatu hubadilika. Kwanza, Kakuma iko takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, hivyo linganisha bei ya duka la karibu na bei ya Lodwar pamoja na usafiri. Majirani wanaojenga wakati mmoja wanaweza kukodi gari moja.

Pili, laga ya Tarach hufurika. Katika maeneo ya mafuriko, ukingo wa shimo uinuliwe kati ya sentimita 30 na 50 juu ya ardhi, na udongo ushindiliwe kuuzunguka ili maji yasiingie. Shimo likifurika, uchafu wa boma moja huwa maji ya mtaa mzima.

Tatu, wakimbizi wanaoishi kambini, iliyoanzishwa mwaka 1992, na wakazi wa makazi ya Kalobeyei wazungumze na viongozi wa bloku na wahudumu wa usafi kabla ya kuchimba. Nafasi ni finyu, na shimo jipya linaweza kuangukia shimo la zamani lililofukiwa.

Neno kwa wenye ploti za kukodisha

Choo cha ploti hujaa haraka kwa sababu watumiaji ni wengi. Wapangaji 20 kwa shimo la lita 2,500 ni miaka 2 tu. Tenga sehemu ya kodi kila mwezi kwa ajili ya choo, usisubiri kifurike. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumwagiza mwenye nyumba aondoe kero inayohatarisha afya. Agizo likifika, utajenga kwa haraka na kwa bei utakayotajiwa.

Kabla ya kuanza

Mwone afisa wa afya ya umma wa wadi yako akusaidie kuchagua mahali pa shimo. Kama unajenga upya au unabadilisha jengo, uliza katika ofisi ya mipango ya ujenzi kuhusu kibali. Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kukuonyesha majirani waliojenga vizuri.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika baraza

1. Shimo letu limebakiza mita ngapi, na watu wangapi hulitumia? Litajaa baada ya miaka mingapi?
2. Maji yetu ya kuogea yanaishia wapi?
3. Tukiwa na nusu ya pesa tunazohitaji, tutaanza na nini, na nini kitasubiri?
4. Nani katika boma letu hatumii choo kilichopo, na kwa nini?

Jibuni swali la nne kwanza. Choo ambacho mtu mmoja anakiogopa au anakionea haya bado hakijakamilika, hata kama kina vigae hadi darini.